Umetuma diski (hard disk) kuanzishia bakapu ya klaudi halafu mambo yakagoma: dalili, chanzo na cha kufanya

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa yeyote anayeanzisha bakapu ya klaudi (nakala ya akiba ya mafaili inayokaa kwenye seva ya mbali) kwa kutuma diski badala ya kusubiri intaneti ipandishe kila kitu. Ntapitia dalili, chanzo chake na unachofanya, ila sintazigawa sawasawa, maana kuna moja inakula watu kuliko zote na zingine ni za dakika tano tu.

Kwa nini mtu atume diski kwanza. Chukua studio ya picha iko Mwanza, ina TB 3.2 za harusi na send-off za miaka yote, na bakapu inatakiwa ikae kwenye seva iko Dar. Laini yao inapandisha Mbps 5, ambayo kwa lugha ya mafaili ni kama KB 600 kwa sekunde. Ukipiga hesabu TB 3.2 kwa spidi hiyo bila kusimama hata dakika moja ni siku 59, na hapo umeme usikatike, mtu mwingine asiguse hiyo laini, bando lisiishe. Kama seva yako iko nje ya Afrika Mashariki ongeza na mambo ya baharini, wanaokumbuka Mei 12, 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilivyokatika siku moja wanajua upandishaji wa wiki nzima unavyoning'inia. Wakati huohuo hizo TB 3.2 zinakopika kwenye diski ya nje kwa masaa 8 hadi 10 kama USB 3 iko vizuri, unaipeleka ofisi ya basi, ndani ya siku mbili iko Dar, mwenzako anaimwaga kwenye seva, na kuanzia hapo intaneti inabeba mabadiliko ya kila siku peke yake.

Hiyo bakapu ya kwanza inayosafiri kwa diski mi naiita mbegu. Nimezifanya kadhaa kwa studio na shule, na nilichokiona ni kwamba watu wanaogopa sana barabara, wanaogopa diski itaanguka au itaibiwa, wakati mara nyingi inafika salama kabisa halafu inakwama kwa sababu programu ya bakapu haiitambui kama ni ile data yake. Ndo maana naanza na hiyo.

DALILI: diski imefika, imemwagwa kwenye seva, lakini programu inaanza 0% kama vile hakuna kitu

Usiguse kitu kwanza, angalia mtandao. Fungua Task Manager au ukurasa wa ruta uone kinachopanda. Kama kinachopanda ni kidogo tu huku taa ya diski inawaka mfululizo, programu inasoma mafaili yako na kulinganisha na yaliyoko kule, hiyo ni kawaida na kwa TB 3.2 inaweza kuchukua masaa 9 au zaidi, iache. Watu wengi wanaona ile asilimia inaenda taratibu wanadhani inapandisha upya, wanaizima, wanaianzisha, inaanza kusoma tena toka mwanzo, na wanarudia hivyo siku tatu. Lakini kama laini imejaa, Mbps 5 zote zinapanda bila kupumzika, hapo simamisha, maana kila usiku wa masaa 10 unapandisha kama GB 22 za vitu ambavyo tayari viko kule.

Chanzo cha kwanza, na ndo ninachokikuta sana, ni folda ndani ya folda. Mwenzako kule amechukua folda ya Bakapu kwenye diski akaipesti ndani ya folda ya Bakapu iliyopo kwenye seva, sasa una Bakapu/Bakapu/Harusi2019 wakati programu inatafuta Bakapu/Harusi2019. Kwa programu hayo ni mafaili mawili tofauti kabisa. Wanaotumia rsync (programu ya kukopi na kulinganisha mafaili) hii inawapata kwa mkwaju (/) mmoja tu: ukiandika Picha/ yenye mkwaju mwishoni inakopi vilivyomo ndani, ukiandika Picha bila mkwaju inakopi folda lenyewe pamoja na jina lake. Kutibu ni rahisi, unahamisha folda ndani ya seva hiyohiyo, kama ni diski ileile ni suala la sekunde kwa sababu hakuna data inayosogea, ni jina tu linabadilika. Ila fanya hivyo huku programu imesimamishwa, na kama ilikuwa na mpangilio wa kufuta vya ziada kule hakikisha umeuzima, la sivyo itaona Bakapu/Bakapu haina mwenzake Mwanza na itaifuta mbegu yote uliyoisafirisha. Studio moja ilipoteza mbegu kwa staili hiyo, nikalazimika kukopi na kutuma upya, wiki nzima ikaenda.

Chanzo cha pili ni kuunda kazi mpya ya bakapu badala ya kuunganisha ile iliyotengeneza mbegu. Kwenye Hyper Backup, programu ya bakapu ya Synology, kwa mfano, unaanza kwa kuchagua bakapu ielekezwe kwenye folda la hapohapo au USB, likisafiri na kumwagwa kwenye NAS (kifaa cha kuhifadhia mafaili kwenye mtandao) ya mbali ndo unatumia "Relink" kuelekeza kazi kule. Ukiunda kazi mpya kabisa yenye jina lilelile bado ni kazi mpya, jina halisaidii. Kwa restic, programu nyingine ya bakapu, kosa ni lile la kuandika init (amri ya kuunda bakapu mpya) kwenye seva "ili folda liwepo" halafu ndo unamwaga mbegu juu yake. Hapo umechanganya ripo (folda la bakapu la restic) mbili zenye funguo tofauti na faili la config moja limefuta jingine. Kwa restic huna haja ya init upande wa pili, unakopi folda zima la ripo kama lilivyo, unabadilisha njia tu, paswedi ni ileile. Na ukishabadilisha, restic inaweza kusoma mafaili yote upya hasa kama jina la kompyuta au njia ya folda limebadilika, ila haitapandisha vipande ambavyo tayari vipo, kwahiyo tunarudi palepale, angalia mtandao usiangalie asilimia. Borg, programu nyingine ya bakapu, nayo ikiona ripo imehama inauliza kama unakubali kuendelea, na kama umeiweka kwenye cron (ratiba ya kujiendesha yenyewe) hakuna mtu wa kujibu, inakataa kila usiku. Iendeshe kwa mkono mara moja, jibu ndiyo, basi.

Chanzo cha tatu ni tarehe za mafaili. Programu nyingi zinazokopi faili kwa faili hazisomi ndani, zinaangalia ukubwa na saa ya kubadilishwa, vikifanana zinaruka, visipofanana zinashughulika nalo. Sasa ukikopi kwenye Linux kwa amri ya cp bila -p, kila faili linapata tarehe ya leo. Na kama njiani kulikuwa na diski ya FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski) kuna mawili ya ziada: FAT32 inahifadhi saa kwa hatua za sekunde mbili, na inahifadhi saa ya ukutani bila kujua uko ukanda gani. Seva nyingi zimewekwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko UTC+3, kwahiyo mafaili yote yanaonekana yamepishana masaa matatu kamili. Ukiona tofauti ni masaa matatu kamili kwa kila faili, usitafute zaidi, chanzo ni hicho. Sekunde mbili zinatibiwa kwa --modify-window=2 kwenye rsync au /FFT kwenye Robocopy (amri ya kukopi ya Windows). Masaa matatu hayatibiki hivyo, hapo endesha rsync -ac mara moja, itasoma mafaili yote pande zote mbili ilinganishe checksum (namba inayokokotolewa toka kilichomo ndani ya faili), yaliyofanana itayarekebisha tarehe bila kuyapandisha. Ni masaa mengi ya kusoma ila ni ya mara moja.

Kingine kidogo: IMG_0045.JPG na IMG_0045.jpg kwenye Windows ni kitu kimoja, kwenye Linux ni mafaili mawili. Na Mac ina namna yake ya kuandika herufi zenye alama juu, kama majina ya Kifaransa, kwahiyo jina unaloliona kwa macho ni lilelile lakini kwa seva ni tofauti. Ukiona yanayopanda upya ni machache tu na yote yana majina ya aina hiyo, umeshajua.

DALILI: upande wa pili diski haisomeki, Windows inauliza kama iiformati

Jibu la kwanza ni HAPANA. Mwambie mwenzako kwa herufi kubwa kabla hata diski haijaondoka, asibonyeze kuformati kwa hali yoyote. Windows inauliza hivyo kwa diski nzima kabisa ambayo imeandikwa kwa mfumo isioujua, kama ya Mac (APFS au HFS+) au ya Linux (ext4). Muulize seva inatumia nini kabla ya kukopi. Kama pande mbili ni tofauti, exFAT inasomeka karibu kila mahali, ila haina jono (journal, kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha diski), umeme ukikatika katikati ya kukopi au ukichomoa bila kutoa kwa usalama inaweza kuharibika orodha nzima ya mafaili. Mi nikiwa na uwezo wa kuchagua natumia NTFS kwa Windows na ext4 kwa Linux, exFAT nikikosa njia, na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) lazima.

Halafu kuna hii ya mafundi wenye haraka. Diski ya nje inafika, kebo imesahaulika, fundi anafungua kasha anaitoa diski anaichomeka moja kwa moja kwenye SATA (poti ya diski za ndani ya kompyuta). Kuna makasha ambayo saketi yake inaenkripti data (inaifunga kwa ufunguo) hata kama hujawahi kuweka paswedi, na mengine yanahesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa namna yake, kwahiyo ukiitoa diski nje ya kasha inaonekana takataka tupu. Data ipo. Irudishe kwenye kasha lilelile na itasomeka. Na kebo uiweke ndani ya kifurushi, hizi micro-B za USB 3 zile pana sio kila duka wanazo.

DALILI: diski inalia tik tik, inaonekana inapotea

Hapa watu wanalaumu basi moja kwa moja. Subiri. Diski ndogo za inchi 2.5 zinavuta umeme wote kutoka USB, na USB 2 inatoa mA 500 tu wakati USB 3 inatoa 900. Ukichomeka kwenye habu isiyo na adapta au poti ya mbele ya kompyuta ya zamani, inajaribu kuzunguka, inakosa nguvu, inalia tik, inajizima, inaanza tena. Mlio huo unafanana na wa diski iliyokufa. Badilisha kebo, tumia poti ya nyuma au habu yenye umeme wake, jaribu kompyuta nyingine. Ikiendelea kulia hivyohivyo kwenye poti nzuri na kebo nzuri, basi hapo kichwa kimeumia, izime usiiwashe tena, maana kila ukiiwasha inazidi kujikwangua.

Kinachokusaidia kujua ni rekodi ya SMART (vipimo vya afya ambavyo diski inajihesabia) ya kabla na baada. Kabla ya kufunga kifurushi piga picha ya programu ya CrystalDiskInfo au hifadhi matokeo ya amri ya smartctl (kwa diski za USB mara nyingi unaongeza -d sat). Ikifika mwenzako anasoma tena kabla ya kukopi chochote. Angalia 05, C5 na C6, hizo zinahesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana. Zilikuwa sifuri Mwanza zimekuwa 40 Dar, safari imeidhuru, usiiamini hata kama inakopi. Ikipanda C7 peke yake, mara nyingi ni mawasiliano ya kebo, diski yenyewe iko sawa.

Kufunga nako: mfuko wa antistatiki, halafu sponji ya godoro pande zote sita, sio magazeti, magazeti yanabonyea mara moja hayarudi. Boksi ndani ya boksi. Usiweke diski mbili zikigusana. Ikifika iache ipate joto la chumba masaa kadhaa kabla ya kuiwasha, hasa kama imetoka kwenye buti la gari au sehemu yenye baridi kali. Na usitume nakala pekee uliyonayo, diski inayosafiri ni nakala ya ziada, ile ya asili inabaki studio na haiguswi.

DALILI: kukopi kulianza MB 140 kwa sekunde, sasa ni MB 15

Gusa diski. Ikiwa ya moto sana iweke juu ya kitu cha chuma au ielekezee feni. Kama ni ya kawaida, pengine ni SMR, aina ambayo mistari ya data (tracks) imepandana kama vigae, inapokea haraka mwanzoni kwenye sehemu ya akiba, akiba ikijaa inaanza kupanga upya na spidi inaanguka. Sio mbovu. Kopi GB 300, iache ikiwa imewashwa nusu saa ijipange, endelea. Sababu nyingine ni vifaili vidogo, thumbneli laki tatu zinachelewa kuliko video moja ya ukubwa uleule, na antivairasi inayokagua kila kimoja. Na hakikisha iko kweli kwenye USB 3, ukiona haivuki MB 35 toka mwanzo iko kwenye USB 2, na TB 3.2 hapo ni zaidi ya siku nzima.

DALILI: mbegu imetambuliwa vizuri, ila programu haifiki mwisho, kila siku imebaki GB 100 na kitu

Hii ni hesabu, na ni vizuri kuifanya kabla. Mbps 5 kwa masaa 24 ni GB 54 na haizidi hapo. Studio ikitengeneza GB 15 kwa siku na diski ikakaa njiani na foleni ya fundi siku 12, ikiingia kuna GB 180 za kupandisha, ambazo ni siku tatu na ushee kama laini ni yako peke yako. Hiyo inaisha. Lakini wakiwa msimu wa harusi wanaingiza GB 70 kwa siku, haitaisha milele, deni linakua. Hapo una mambo mawili, kutuma diski ya pili ya mabadiliko tu, au kupunguza kinachoingia kwenye bakapu. Mi huwa natoa mafaili ya kache ya programu za kuedit, preview, na video za majaribio, unaweza kushangaa zinachukua nusu.

Kuna wengine mabadiliko ni makubwa bila kuongeza kitu kipya. Faili la mashine ya VirtualBox (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) la GB 200 likibadilika kidogo, programu isiyokata vipande inaliona lote ni jipya. PST za Outlook (mafaili yanayohifadhi barua pepe) vilevile. Na kuna hii inayoniuma kila mara: diski iko njiani, bosi anaona ni muda mzuri wa kupanga upya mafolda, Harusi2019 inakuwa 2019/Harusi, na TB nzima inaonekana mpya kwa programu inayofuata njia ya folda. Zile zinazotambua vipande vya data kama restic na Borg hazisumbuki sana na hilo, zingine zinapandisha vyote. Kwahiyo toka siku unaanza kukopi mpaka siku mbegu imethibitishwa, mafolda hayasogezwi wala hayabadilishwi majina, niliwahi kubandika karatasi kwenye skrini ya kompyuta ya studio na ilisaidia.

DALILI: inaomba paswedi na hakuna inayokubali

Ukiwa na programu ambayo ufunguo unatengenezwa wakati wa bakapu ya kwanza, ufunguo huo ndo wa maisha yote ya mbegu. Huwezi kukopi bila enkripsheni halafu ukaiwasha baada ya diski kufika, utalazimika kuanza upya. Amua kabla.

Kabla ya kusema umesahau, angalia vitu vidogo: kibodi ya kompyuta ya kule imewekwa lugha gani, alama za @ na " zinabadilishana nafasi kati ya kibodi ya Marekani na ya Uingereza, na nafasi tupu mwishoni ukipesti kutoka WhatsApp. Kama diski imefungwa na BitLocker (enkripsheni ya Windows) kuna ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48, uprinti, ukae na mtu anayeaminika ofisini. Paswedi isisafiri ndani ya boksi moja na diski. Nimeshaona imeandikwa kwenye stika juu ya kasha, hapo ni sawa na hujaenkripti. Na usitume bila enkripsheni kabisa, kwenye hizo picha kuna watoto wa watu na kadi za wateja. Kama ni zahanati au shule inakuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kwa wenzetu Kenya sheria ya 2019, na diski ikivuka mpaka ni data imevuka mpaka, swala la kisheria ni hilohilo kama umeipitisha kwenye kebo.

DALILI: idadi ya mafaili haifanani

Kwanza toa wasiwasi wa ukubwa. Diski ya TB 4 Windows inaionyesha 3.63, hakuna kilichopotea, mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Linganisha idadi ya mafaili na baiti, sio GB.

Kama idadi yenyewe imepungua, angalia logi ya kukopi. Mafaili yaliyokuwa yamefunguliwa, mfano katalogi ya Lightroom au data ya programu ya mahesabu, yanarukwa. Njia ndefu kuliko herufi 260 zinaleta shida kwa programu nyingi za Windows, na studio zinapenda mafolda marefu, Harusi ya fulani na fulani ukumbi fulani tarehe fulani final final. Video inayogoma ikifika GB 4 ni FAT32, haiwezi faili kubwa zaidi ya hapo. Funga programu zote, kopi usiku, na Robocopy au rsync zitakupa orodha ya zilizoshindikana, kudragi kwa mausi hakukupi orodha yoyote.

Wanaotuma kwa makampuni makubwa

Wengi wetu tunatuma kwa seva yetu wenyewe au ya mtu tunayemjua, ila kama unatumia Azure Import/Export, huduma ya Microsoft ya kupokea diski, masharti yake ni makali na ukikosea kimoja diski inarudi ilivyo. Wanataka diski za ndani za SATA, hawapokei diski ya nje yenye USB, wala ile uliyoitoa kwenye kasha la nje. Inaandaliwa na zana yao ya WAImportExport inayofunga kwa BitLocker na kutengeneza faili la jono (rekodi ya maandalizi) kwa kila diski, na ukishaiandaa usiongeze hata picha moja, jono halitafanana. Namba ya kufuatilia mzigo uiingize ndani ya wiki mbili toka umefungua kazi, zikipita kazi inakwisha muda wake. Njia ya kusafirisha sanduku zima kama Snowball ya Amazon, iliyotoka 2015 ikiwa na TB 50, ilikuwa ya watu wa data kubwa sana na toka Novemba 2025 haipokei wateja wapya, kwa TB 3 au 4 ungehangaika bure.

Ikivuka mpaka, eleza forodha ukweli kwamba ni diski iliyotumika, thamani yake halisi, na kama itarudi useme itarudi. Ukiandika "zawadi" au thamani sifuri ndo inakaa.

DALILI: kila kitu kijani, ila hujui kama kweli ipo

Rejesha. Usichague faili la juu la kwanza, chagua folda tatu za miaka tofauti, GB 2 au 3 jumla, rejesha kwenye kompyuta nyingine isiyo ya studio, fungua picha moja moja kwa macho. JPEG iliyoharibika inafunguka vizuri juu halafu nusu ya chini ni kijivu, ukubwa wa faili ni uleule na tarehe ni ileile, kwahiyo programu inayoangalia ukubwa na tarehe itakwambia kiko sawa. Ukikuta hata moja, kimbiza checksum kwa mbegu nzima kwenye seva, kwa restic ni check --read-data, ikiwa ni kubwa sana anza na --read-data-subset=5% uone. Nikifanya mbegu mpya huwa natuma kwanza flashi yenye GB 5 kwa njia ileile, basi lilelile, fundi yuleyule, paswedi ileile, nairejesha mpaka mwisho, ndo nakopi TB. Inaongeza siku tatu au nne, na makosa ya folda ndani ya folda, mfumo wa diski, kibodi na masaa matatu ya UTC yote yanajitokeza kwenye hiyo GB 5.

Diski yenyewe usiifute siku ileile. Iache kule Dar kabatini, imezimwa, na stika ya tarehe ya kukopi na jina la kazi ya bakapu, mpaka bakapu za mabadiliko zipite wiki nne mfululizo na urejeshaji wa pili uwe umefanikiwa.